Chupa iliyocheleweshwa na ukungu: kisa cha sampuli moja kutoka Kampala

Desemba 1963, ndege iliyoruka usiku kutoka Uganda ilikaribia London ikakuta uwanja umefunikwa na ukungu. Ikaelekezwa kutua Manchester, mbali upande wa kaskazini, na mzigo wake ukachelewa kufika ulikokuwa ukingojewa. Ndani ya mzigo huo mlikuwa na chupa ndogo yenye vipande vya uvimbe wa mtoto aliyekuwa akitibiwa Kampala. Chupa ilipofika maabara ya Middlesex Hospital mchana ulikuwa unakwisha, na yale majimaji yaliyovizunguka vipande, ambayo kwa kawaida hufika yakiwa maangavu, yalikuwa yamechafuka rangi, meupe-meupe kama maji yaliyooshea mchele.

Aliyewahi kukaa kwenye dirisha la kupokelea sampuli anajua moyo unavyoshuka mbele ya chupa kama hiyo. Jambo la kwanza linalokuja akilini ni bakteria. Kitu kimesafiri mno, kimekaa kwenye joto, kimeingiwa. Unafungua daftari la sampuli zilizokataliwa, unaandika tarehe na sababu, unaomba nyingine. Ni kazi ya dakika 2, na mara nyingi ndiyo kazi sahihi.

Anthony Epstein hakuimwaga chupa ile kabla ya kuangalia. Alichukua tone, akaliweka kwenye kioo, akalitazama kwa hadubini ya kawaida. Miezi 2 na ushee baadaye kilipatikana kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, ambacho leo tunakiita Epstein-Barr, mmoja wa jamii ya virusi vya herpesi, ndugu wa kile kinacholeta tetekuwanga na mkanda wa jeshi.

Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya bahati. Ukungu ulishuka, ndege ikachelewa, ugunduzi ukatokea. Mimi naona kinastahili kuchambuliwa zaidi ya hapo, kwa sababu kina swali ambalo bahati hailijibu: kwa takribani miaka 2 kabla ya siku ile, maabara hiyohiyo ilipokea sampuli za uvimbe huohuo, zikiwa safi, zimefika kwa wakati, na haikuona kitu. Kwa nini safi zilinyamaza, na iliyoonekana mbovu ikasema?

Mgonjwa, daktari na ramani

Tuanze upande wa Uganda, maana huko ndiko chupa ilikojazwa.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyezaliwa Ireland ya Kaskazini, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Uvimbe wa upande mmoja wa taya una maelezo mengi: jipu la jino, maambukizi ya mfupa, saratani ya mfupa. Uvimbe wa pembe zote nne haukuingia katika maelezo yoyote kati ya hayo. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alimwona kupitia dirishani mtoto mwingine mwenye uso uleule. Alipompima tumbo akakuta uvimbe huko pia. Hapo ndipo alipoanza kufikiri kwamba madaktari wa taya, wa tumbo na wa macho walikuwa wakiandika ugonjwa mmoja kwa majina tofauti. Makala yake ya kwanza ilitoka 1958, na baadaye mtaalamu wa patholojia Greg O'Conor akaonyesha kwamba ile ilikuwa limfoma, yaani saratani ya seli nyeupe za kinga, wala si saratani ya mfupa.

Kisha ikaja ramani. Burkitt aliandikia hospitali za Afrika nzima akiuliza nani ameuona uvimbe huu na nani hajauona. Oktoba 1961 akatia safarini gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250, yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, wakazunguka mashariki na kusini mwa bara kwa wiki 10, takribani maili 10,000. Walichokipata ni ukanda: ugonjwa ulikuwapo penye joto na mvua, ukapotea nyanda za juu na penye ukame. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa Entebbe, alisaidia kuonyesha kwamba mpaka ule wa mwinuko kwa kweli ulikuwa mpaka wa joto. Ugonjwa unaofuata joto na mvua unanuka mdudu. Na mdudu akiwamo, fikra inayofuata ni kwamba amebeba kitu.

Epstein alikuwa ameshika fikra hiyo tangu 22 Machi 1961, alipomsikiliza Burkitt akihutubia Middlesex Hospital. Epstein alikuwa akichunguza kirusi cha saratani ya kuku. Wazo kwamba kirusi kinaweza kuleta saratani halikuwa geni kwake, ingawa kwa binadamu wengi hawakulikubali. Akapata fedha ya kwenda Kampala, wakakubaliana na Burkitt, na vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege.

Niseme mapema jambo ambalo wao hawakulijua: fikra iliyowaongoza ilikuwa na kosa. Mdudu wa ramani ile hakubeba kirusi walichokuwa wakikitafuta. Nitalirudia.

Tone

Kabla ya Desemba 1963 kazi ilifanyika kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukata kipande cha uvimbe vipande vyembamba mno na kukitazama moja kwa moja kwa hadubini ya elektroni, wakitafuta chembe za kirusi ndani ya seli. Hakuna. Ya pili ilikuwa kuotesha. Kwa mtindo wa siku zile kipande cha nyama kilibandikwa kwenye kioo, kikalishwa, seli zikangojwa zitambae kutoka pembeni mwake. Seli za uvimbe huu zilikataa. Zilikaa, zikafa.

Sasa tone la siku ile. Unapoweka majimaji yenye bakteria chini ya lenzi unaona vumbi linalotikisika, viumbe vidogo kuliko seli, vingi kupita hesabu, na kati yao mabaki ya seli zilizopasuka. Epstein hakuona vumbi. Aliona seli kubwa, za duara, kingo zake zikimetameta kama seli hai zinavyometameta, moja moja, zikielea. Zilikuwa zimetikiswa njiani zikatoka kwenye kipande. Kilichoyachafua maji kilikuwa uvimbe wenyewe, hai.

Picha hiyo ilimkumbusha seli za limfoma za panya, ambazo huoteshwa zikielea bila kushika kioo. Basi badala ya kubandika kipande, walizichukua seli zile zinazoelea na kuziotesha zikielea vilevile. Yvonne Barr, aliyekuwa na ujuzi wa kuotesha seli, alizilea. Zikaongezeka. Ukawa mstari wa seli, yaani ukoo wa seli unaoendelea kuzaana maabara, uliopewa jina EB1, herufi za Epstein na Barr.

Mara nyingi sehemu hii husimuliwa haraka ili kufika kwenye hadubini ya elektroni. Kwangu hapa ndipo kisa kilipo. Uamuzi wenye thamani haukuwa kuitazama chupa tu. Mafundi wengi makini wangeitazama. Uamuzi ulikuwa kukubali kwamba njia ya kuotesha waliyoishikilia kwa miaka 2 haikufaa kwa seli hii. Limfosaiti, yaani seli nyeupe ya kinga ya aina hii, katika mwili haikai imeshika ukuta. Inaogelea katika damu na limfu, inaingia tezi, inatoka. Kuilazimisha itambae juu ya kioo ni kumwambia samaki apande mti. Chupa iliyochelewa iliwaonyesha tabia ya seli, nao wakaifuata.

Tarehe 24 Februari 1964 Epstein aliweka seli za EB1 kwenye hadubini ya elektroni. Katika uwazi wa kwanza tu wa ule wavu mdogo unaoshika sampuli aliona seli iliyojaa chembe za kirusi, umbo ambalo aliyezoea virusi vya herpesi hawezi kulikosa. Kwa maelezo yake mwenyewe alipatwa na hofu kwamba mwali wa elektroni ungeichoma sampuli, akaizima mashine, akatoka nje kwenye theluji bila koti, akazunguka mtaa, kisha akarudi na kutazama tena. Makala ilichapishwa katika jarida la Lancet tarehe 28 Machi 1964, ikiwa na majina matatu: Epstein, Bert Achong wa Trinidad aliyekuwa mtaalamu wa hadubini, na Barr. Jina la Achong halikuingia katika jina la kirusi, na ni haki litajwe kila kisa hiki kinaposimuliwa. Mtoto wa Kampala naye hakutajwa. Faragha ya mgonjwa inataka hivyo, lakini nimejikuta mara nyingi nikimfikiria.

Kwa nini sampuli safi zilinyamaza

Jibu lilichukua miaka kupatikana, na limo katika biolojia ya jamii nzima ya herpesi.

Virusi hivi vina maisha ya namna mbili. Katika namna ya kwanza kirusi kinafanya kazi waziwazi: kinaingia seli, kinaigeuza kiwanda, kinaunda maelfu ya chembe mpya, seli inapasuka. Katika ya pili kinalala. DNA yake, ambayo ndani ya chembe imenyooka kama uzi, hujifunga mduara ndani ya kiini cha seli na kukaa hapo. Seli inapogawanyika, mduara nao unanakiliwa na kugawiwa. Hakuna chembe inayoundwa. Karibu hakuna protini inayotolewa. Kila mtu mzima aliyewahi kuugua tetekuwanga anabeba usingizi wa namna hii katika neva zake, na ukikatizwa uzeeni hutoka kama mkanda wa jeshi.

Epstein-Barr kinalala katika seli B, aina ya seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili, zile za kumbukumbu za kinga. Humo huacha protini moja tu ya lazima, EBNA1, ambayo kazi yake ni kuushikiza mduara kwenye kromosomu ili usipotee seli ikigawanyika. Protini hiyo ina sehemu ndefu ya asidi amino mbili zinazojirudia, ambayo inaifanya isikatwekatwe kwa urahisi na kuonyeshwa kwa askari wa kinga. Mtu anaweza kukibeba miaka 80 na asijue.

Seli za limfoma ya Burkitt zimefuata usingizi huohuo. Ndani ya mwili wa mtoto, kinga bado inapiga doria. Seli yoyote itakayoanza kutoa protini nyingi za kirusi itaonekana na kuuawa. Kwa hiyo uvimbe unaokatwa hospitalini ni uvimbe wa seli zilizonyamaza. Uukate vipande vyembamba upendavyo, uutazame kwa hadubini bora kuliko zote, hutaona chembe, kwa sababu chembe hazipo. Kirusi kimo, kwa umbo la uzi wa DNA usioonekana kwa jicho la elektroni.

Seli zikitolewa nje, zikalishwa, zikaishi mahali pasipo na kinga, chache kati yake huamka na kuanza kuunda chembe. Ndizo alizoziona Epstein. Miaka 2 ya kutazama uvimbe uliotoka moja kwa moja mwilini isingezaa matunda hata ingekuwa 20. Kifaa hakikuwa na kasoro. Kilikuwa kikiulizwa swali ambalo sampuli ile haikuweza kulijibu.

Na hapa bahati inapaswa kupewa sehemu yake, si zaidi. Wakati huohuo R. J. V. Pulvertaft alikuwa akiotesha seli za uvimbe huu kutoka Nigeria, bila msaada wa ukungu wa London. Mmoja wa mistari yake, Raji, ungali unatumika maabara duniani kote. Seli za Raji zimejaa nakala za DNA ya kirusi, makumi kwa kila seli, lakini haziundi chembe. Kama chupa ya Epstein ingekuwa na seli za tabia ya Raji, angezilea, zingeota vizuri, angezitazama, na angehitimisha kwamba hakuna kirusi. Sidhani kama kuna mfano ulio wazi kuliko huu wa hatari ya kuandika "hakipo" mahali ambapo ukweli ni "sikukiona kwa njia hii".

Kuona na kuthibitisha

Chembe zilizoonekana 1964 zilithibitisha jambo moja: kirusi cha umbo la herpesi kilikuwa katika seli zilizooteshwa kutoka kwenye uvimbe. Hazikuthibitisha kwamba ndicho kilicholeta uvimbe. Tahadhari hiyo ilikuwa ya lazima, kwa sababu Entebbe nako watafiti walikuwa wametoa kwenye uvimbe huu kirusi kingine kabisa, cha kundi la reovirusi, na hicho baadaye kikaonekana ni mpita njia. Mtoto mgonjwa hubeba mengi.

Epstein alituma seli zake Philadelphia, Marekani, kwa Werner na Gertrude Henle. Hawa walikuja na swali jingine na kipimo kingine. Badala ya kutafuta kirusi, walitafuta alama kinayoiacha kwa mwenyeji wake. Walichukua seli zenye kirusi, wakaziwekea seramu ya mtu, kisha wakatia rangi inayong'aa inayoshika kingamwili. Seli ziking'aa, mtu huyo aliwahi kukutana na kirusi. Watoto wa Afrika wenye uvimbe waling'aa. Watoto wenzao wasio na uvimbe nao waling'aa. Na watu wazima wa Marekani, ambao hawajawahi kukanyaga ukanda wa Burkitt, waling'aa pia, walio wengi.

Hapo ramani ya mdudu ilivunjika. Kirusi kilikuwa kila mahali. Leo tunajua zaidi ya 9 kati ya watu wazima 10 duniani wanacho. Hakihitaji mbu. Kinapita kwa mate: mama anayemtafunia mtoto chakula, watoto wanaopokezana kikombe, na huko Ulaya na Marekani, ambako wengi hukua bila kukipata, kwa kubusiana ujanani. Mwaka 1967 fundi wa maabara ya kina Henle, ambaye damu yake haikuwa na kingamwili za kirusi, aliugua homa ya tezi. Alipopona damu yake ilikuwa nazo. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba kirusi kilichotoka kwenye uvimbe wa mtoto wa Kampala ndicho kinachowalaza vijana wa vyuo vya Marekani kwa koo na uchovu. Matokeo yalichapishwa 1968.

Mwaka 1970 Harald zur Hausen na wenzake walionyesha DNA ya kirusi ndani ya vipande vya uvimbe vyenyewe, bila kuotesha, kwa kutumia asidi nukleiki iliyotiwa alama. Zile sampuli zilizonyamaza hatimaye zilikuwa na njia ya kujibu.

Lakini swali la chanzo lilibaki, na lilikuwa gumu kwa sababu ya kawaida kabisa: kitu ambacho kila mtoto anacho kitamtofautishaje mgonjwa na mzima? Jibu lilitafutwa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, eneo ambalo Ted Williams na hospitali ya Kuluva walikuwa wameweka kumbukumbu za ugonjwa kwa miaka mingi. Kati ya 1972 na 1974 timu ya Guy de-Thé ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani ilichukua damu ya watoto 42,000 hivi, wenye afya, ikaihifadhi kwenye baridi, kisha ikangoja.

Nawaomba wasomaji wakae kidogo na idadi hiyo. Watoto 42,000, mmoja mmoja, wakiwa wamepakatwa na mama zao. Kila kichupa na namba yake, kila namba na kijiji chake, katika Uganda ya miaka ya Idi Amin. Matokeo yalipochapishwa 1978, waliokuwa wameugua walikuwa 14. Ndipo watafiti waliporudi kwenye majokofu na kutoa damu ya hao 14 iliyochukuliwa wakiwa wazima. Wengi wao, miezi na hata miaka kabla ya uvimbe kuonekana, walikuwa na kingamwili za ganda la kirusi kwa kiwango cha juu kuliko watoto wenzao wa umri na kijiji kilekile. Aliyekuwa na kiwango hicho cha juu alikuwa na hatari ya takribani mara 30. Kirusi kilitangulia, uvimbe ukafuata. Bila damu ile iliyokusanywa mapema hakuna kipimo ambacho kingeweza kusema hivyo, kwa kuwa damu ya mgonjwa haiwezi kueleza kilichotangulia.

Na mdudu? Mdudu alikuwa kwenye ramani kwa sababu nyingine. Ukanda wa Burkitt ni ukanda wa malaria kali, ile isiyopumzika mwaka mzima. Malaria ya kujirudia huchochea seli B zigawanyike bila kituo, na katika kugawanyika huko vimeng'enya vinavyokata na kuunga DNA za kingamwili hukosea mara nyingine, vikahamisha jeni ya MYC, inayoamrisha seli igawanyike, kutoka kromosomu ya 8 kwenda ya 14, mahali inapowashwa isizimike. Wakati huohuo malaria huchosha askari wa kinga wanaokizuia kirusi kisiamke. Utafiti wa Kenya uliowalinganisha watoto wa Kisumu, kwenye malaria nyingi, na wa Nandi, nyanda za juu, ulikuta wa Kisumu wana kirusi kwa wingi zaidi katika damu na wamekipata mapema zaidi, wengine kabla ya miezi 6. Upande wa Tanzania, kaskazini mwa mkoa wa Mara, jaribio la kugawa klorokwini kwa watoto kuanzia 1977 hadi 1982 lilitaka kuona kama kuzuia malaria kungepunguza uvimbe. Uvimbe ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa, na malaria yenyewe haikubaki chini. Jaribio halikuweza kutoa jibu la kukata.

Hivyo Burkitt na Epstein walikuwa sahihi kwamba kuna kirusi, na sahihi kwamba kuna mdudu. Walichokosea ni kuviunganisha. Mbu analeta kimelea. Mate yanaleta kirusi. Mtoto anapokea vyote viwili katika miaka yake ya mwanzo.

Mtoto mwenye taya lililovimba leo

Somo hili la kazi linaonekana hasa pale daktari wa wilaya anapomtuma kwetu maabara mtoto wa miaka 6, meno yamelegea, shavu limejaa, na fomu imeandikwa "kipimo cha damu cha EBV", ufupisho wa jina la Epstein-Barr. Nakielewa kilichomfanya aandike hivyo. Lakini kingamwili za mtoto huyo zitakuwapo, kama zilivyo za mtoto wa malaria aliyekaa naye benchi moja, na kama zilivyo zangu. Kipimo hicho kina kazi yake: kijana mwenye homa na tezi, ukimkuta ana kingamwili za IgM, zile za mwanzo, za ganda la kirusi na hana za EBNA1, maambukizi yake ni mapya, kwa sababu zile za EBNA1 huchelewa kujengeka kwa wiki na miezi. Kwa uvimbe wa taya hakisemi lolote.

Kinachosema ni kipande. Chini ya hadubini seli za Burkitt hujipanga kama anga la usiku, weusi wa seli zilizobanana na humo madoa meupe ya seli zinazosafisha zilizokufa. Kisha hutafutwa EBER, RNA ndogo mbili ambazo kirusi huzitoa hata kikiwa kimelala, kwa wingi unaoweza kufika nakala milioni kwa seli moja. Ni ajabu ya kuridhisha: kirusi kilichojificha kwa miaka 2 mbele ya hadubini ya elektroni leo huonekana kama doa jeusi kwenye kila kiini, kwa hadubini ya mezani. Lakini RNA huharibika. Kipande kilichosahaulika kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, wiki mbili kinaweza kutoa jibu la "hakuna" ambalo ni la uongo, na ndiyo sababu kila slaidi ya EBER inapaswa kwenda pamoja na slaidi ya kuthibitisha kwamba RNA ya kawaida ya seli ingali hai. Slaidi hiyo ya pili isipoonyesha rangi, jibu la ya kwanza si jibu. Raji angali anatuonya.

Njia mpya inatafutwa katika damu. Uvimbe unapokufa na kugawanyika humwaga vipande vya DNA kwenye plazima, yaani majimaji ya damu, na vya kirusi vikiwamo. Hong Kong walichunguza hivyo wanaume zaidi ya 20,000 wasio na dalili ili kutafuta saratani ya nyuma ya pua, ambayo nayo inahusishwa na kirusi hiki, na katika matokeo ya 2017 waliwapata wagonjwa 34, wengi wao katika hatua za mwanzo. Kwetu hesabu ni ngumu zaidi kwa sababu malaria nayo humwaga DNA ya kirusi kwenye plazima ya mtoto asiye na saratani. Watafiti wa Tanzania na Uganda wamekuwa wakijaribu kusoma pamoja DNA ya kirusi na kasoro ya MYC katika damu hiyohiyo, ili mtoto asingoje kisu na majibu ya kipande.

Kungoja ndiko kunakoua. Limfoma ya Burkitt hujizidisha maradufu kwa saa 24 hadi 48, na ni katika saratani zinazoyeyuka haraka kwa dawa. Tangu enzi za Burkitt mwenyewe ilionekana siklofosfamidi, dawa ya saratani, ikifuta uvimbe wa taya kwa siku chache. Kuchelewa kulikoifungua chupa ya 1963 kulikuwa kwa mchana mmoja, na mtoto aliyeitoa hakuhitaji jibu lake ili atibiwe. Mtoto wa leo analihitaji. Kila siku kipande chake kinapokaa kwenye dirisha la mapokezi kikingoja gari la rufaa lijae, shavu linaongezeka.